Kesi Nyingi Hufia Kituoni

Mlalamikaji anatoka mahakamani akisema hakimu kahongwa. Mshtakiwa kaachiwa, ndugu zake wanapiga naye picha getini. Ukiitafuta nakala ya hukumu ukaisoma kwa utulivu, mara nyingi hukuti harufu ya hongo, unakuta tarehe. Hati ya mashtaka inasema wizi ulifanyika tarehe 12, shahidi wa kwanza kasema tarehe 14, na upande wa mashtaka haukusimama kuomba hati irekebishwe. Au unakuta maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa mwenyewe yanayoandikwa na polisi, yakiwa yameandikwa siku ya tatu baada ya mtu kukamatwa. Au kifuko cha unga unaodhaniwa ni heroini kilichopita mikononi mwa askari wanne, wakati karatasi zinataja wawili. Hakimu hakuwepo kwenye tukio. Anachopima ni kile kilichoandikwa kituoni na kile mashahidi wanachosema mbele yake, na shaka yoyote ya msingi inayobaki ni mali ya mshtakiwa.

Haya yanahusu Tanzania Bara. Sheria inayotawala ni Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, iliyotungwa 1985 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo. Namba za vifungu zilizomo humu ni za toleo la 2022. Sheria zikifanyiwa urekebu namba huhama, kwa hiyo anayetaka kuzitumia aangalie kwanza toleo lililo mezani kwa hakimu. Zanzibar ina sheria yake ya mwenendo wa jinai na Mkurugenzi wake wa Mashtaka, ingawa Jeshi la Polisi ni la Muungano.

Kaunta

Ukifika kituoni kutoa taarifa unapokelewa na askari wa zamu. Tukio linaingizwa kwenye daftari nawe unapewa namba, ile inayoitwa RB. Namba hiyo inathibitisha tu kwamba taarifa ilipokelewa siku fulani saa fulani. Kesi inaanza kuwa kesi pale jalada la uchunguzi linapofunguliwa, likapewa namba ya IR, yaani ya rejista ya upelelezi, na kukabidhiwa mpelelezi. Wapo wanaokaa miezi na RB mfukoni wakiamini polisi wanafuatilia, kumbe jalada halijawahi kufunguliwa. Kwa hiyo usiulize "mmefikia wapi?" Uliza jalada ni namba ngapi na mpelelezi wake ni nani. Ukijibiwa, una mtu wa kumfuata. Usipojibiwa, panda kwa mkuu wa kituo, kisha kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, yule ambaye vituo vyote vinamwita OCCID.

Maelezo yako ya kwanza ndiyo yatakayokufuata hadi mwisho. Askari anayaandika kwa mkono wake, mara nyingi kwa lugha yake ya kipolisi, huku simu inaita na watu wamejaa kaunta. Ulichosema wewe ni "alinivuta mkoba akakimbia", kilichoandikwa ni "alinishambulia na kuninyang'anya." Kati ya wizi na unyang'anyi kuna tofauti ya miaka mingi jela, na wakili wa utetezi atakuuliza ni lipi kati ya hayo mawili lilitokea. Una haki ya kusomewa maelezo kabla ya kusaini na kusema "hapa sikusema hivi." Kosa likirekebishwa, saini pembeni ya marekebisho. Askari wengine hununa. Wacha wanune.

Kama unamfahamu aliyekutendea, mtaje hapohapo, kwa jina au hata kwa lakabu ya mtaani, na useme umemfahamu vipi na tangu lini. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema anaaminika zaidi, na anayechelewa bila sababu anajitia shaka mwenyewe. Maelezo yakisema "vijana wawili nisiowafahamu," halafu miezi sita baadaye unasimama mahakamani ukitaja jina la jirani yako, kesi hiyo imeshakwisha hata kama unasema kweli.

Na kama tukio lilikuwa usiku, eleza mwanga. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 1980, utambuzi kwa macho hupimwa kwa maswali yaleyale: ulimwona kwa muda gani, kwa umbali gani, kulikuwa na mwanga wa aina gani, kuna kitu kilichokuzuia kuona, na je, ulikuwa unamfahamu kabla. "Kulikuwa na taa" hakutoshi. Ni taa ya umeme ya barazani au kurunzi? Ilikuwa upande gani, mbali kiasi gani, yeye alikuwa ameelekea wapi? Shahidi ambaye hakuulizwa haya kituoni ataulizwa mahakamani, na hapo jibu jipya litaonekana limetungwa.

Kwa mali, kanuni ni alama. "Simu nyeusi aina ya Tecno" ziko maelfu mjini. Namba ya IMEI yenye tarakimu 15, iliyoko kwenye boksi au risiti, ni moja tu. Ikiwa boksi limetupwa, taja ufa, kava, picha iliyokuwa kwenye kioo, laini iliyokuwemo, na uyataje kabla hujaonyeshwa simu iliyokamatwa. Polisi wakikuonyesha kwanza ndipo ueleze alama, utambuzi wako hauna uzito. Kwa pikipiki, namba ya chasisi na ya injini zina nguvu kuliko pleti, maana pleti inabadilishwa kwa bisibisi.

Aliyeumizwa huchukua fomu ya polisi namba tatu, PF3, na kwenda nayo hospitali. Aliye hoi atibiwe kwanza, fomu ifuate. Matatizo ya fomu hii yanajulikana: imejazwa wiki mbili baada ya tukio, mwandiko hausomeki, au daktari kahamishwa mkoa na hapatikani. Fomu ikipokelewa kama kielelezo, mahakama inapaswa kumweleza mshtakiwa haki yake chini ya kifungu cha 240 ya kutaka daktari aitwe ahojiwe. Hakimu akisahau kumweleza, fomu huweza kufutwa kwenye kumbukumbu wakati wa rufaa. Kwa hiyo mwombe daktari aandike jina lake kamili, cheo na kituo cha kazi, na ukipata nakala, itunze.

Masaa 24 na masaa 4

Mtu akikamatwa lazima aambiwe anakamatwa kwa kosa gani. Kifungu cha 23 ndivyo kinavyotaka, isipokuwa mazingira yenyewe yanaonyesha wazi au yeye mwenyewe kafanya isiwezekane kumwambia. "Utajua kituoni" si jibu la kisheria, ingawa ndilo linalosikika zaidi mitaani.

Baada ya hapo kuna vipimo viwili vya muda ambavyo watu huvichanganya.

Cha kwanza ni masaa 24 ya kifungu cha 32. Mtaani kinasemwa kana kwamba ni ukuta: yakipita bila kufikishwa mahakamani, polisi wamevunja sheria. Kifungu chenyewe kimeandikwa kwa ulegevu zaidi. Kinamhusu aliyekamatwa bila hati, kwa kosa lisilo na adhabu ya kifo. Ikiwa haionekani kwamba atafikishwa mahakamani ndani ya masaa 24, mkuu wa kituo anatakiwa alichunguze shauri na kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa lionekane ni zito. Akibaki ndani, apelekwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Kwenye maneno hayo, "zito" na "mapema iwezekanavyo," ndimo siku tano, siku kumi, zinamopotelea. Wanaoujua mchezo huutumia Ijumaa: mlalamikaji mwenye jeuri analeta askari saa kumi jioni, mahakama zimefungwa, ofisi ya serikali ya mtaa imefungwa, na mtu analala siku tatu lokapu kwa deni la laki mbili.

Dawa yake ni kudai dhamana mapema na kwa ngazi, kituo, wilaya, mkoa, na kuandika muda wa kila hatua. Ikishindikana, kifungu cha 390 kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuamuru anayeshikiliwa afikishwe mbele yake. Mara nyingi maombi ya aina hiyo yakishasajiliwa na polisi wakapelekewa nakala, mtu hufikishwa mahakama ya wilaya kabla jaji hajasikiliza neno. Wakili anayejua kazi hahesabu hilo kuwa ameshindwa.

Kipimo cha pili ni masaa 4 ya kifungu cha 50, na hiki kina meno. Kinahusu mahojiano. Tangu mtu awekwe chini ya ulinzi, polisi wana masaa manne ya msingi ya kumhoji kuhusu kosa hilo. Muda wa kumsafirisha kwenda mahali pa upelelezi hauhesabiwi, wala ule ambao mahojiano yamesimama ili awasiliane na wakili, ndugu au rafiki. Masaa hayo yasipotosha, kifungu cha 51 kinaruhusu ofisa anayesimamia upelelezi kuongeza hadi masaa 8, na mtuhumiwa aambiwe. Zaidi ya hapo aombwe hakimu, kabla muda haujaisha.

Tazama karatasi yenyewe ya maelezo ya onyo. Juu kuna jina la mtuhumiwa, umri, kazi, anakoishi, jina na namba ya askari anayeandika, tarehe, na muda wa kuanza. Linafuata onyo: hulazimiki kusema neno lolote isipokuwa kwa hiari yako mwenyewe, na lolote utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika kama ushahidi mahakamani. Kisha haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki wakati wa kuandika, na jibu la mtuhumiwa kuhusu haki hiyo, lenye saini yake. Mwishoni kuna uthibitisho kwamba amesoma au amesomewa, muda wa kumaliza, na saini za wote wawili. Sasa chukua muda wa kuanza, uweke kando ya muda wa kukamatwa aliousema askari mkamataji mahakamani. Kamkamata saa mbili asubuhi, maelezo yameanza kuandikwa kesho yake saa nne, na hakuna karatasi ya kuongeza muda. Maelezo hayo Mahakama ya Rufani imeyafuta kwenye kesi baada ya kesi, hata yanapokuwa na ungamo la kurasa sita lenye undani wa kutisha. Mpelelezi akiwa na ushahidi mwingine, kesi inasimama. Akiwa alilitegemea ungamo peke yake, mshtakiwa anakwenda nyumbani.

Kwa nini kosa hili halikomi? Sababu ni za kawaida kabisa. Mkamataji na mpelelezi ni watu tofauti. Mpelelezi yuko safari. Gari halina mafuta. Mtuhumiwa kakamatwa wilaya nyingine. Baadhi ya sababu hizo mahakama ingezielewa kama zingeandikwa. Haziandikwi.

Ungamo likitolewa kwa mlinzi wa amani, ambaye kwa kawaida ni hakimu wa mahakama ya mwanzo, linakuwa na uzito zaidi. Huyo hutakiwa kumuuliza mtu kama ametishwa, ameahidiwa kitu au ameteswa, alikamatwa lini, na kumkagua mwili kama ana majeraha. Kwa aliyeteswa, hii ni nafasi ambayo haitarudi: aonyeshe jeraha hapo. Nafasi inayofuata ni siku ya kwanza mahakamani, na aombe liandikwe kwenye mwenendo wa shauri.

Jambo linalowaponza wasio na wakili ni wakati wa kupinga. Mwendesha mashtaka anasema, "Naomba maelezo haya yapokelewe kama kielelezo." Hakimu anamgeukia mshtakiwa: una pingamizi? Hapo ndipo pa kusema "sikuyatoa kwa hiari" au "hayo si maelezo yangu." Hakimu atasimamisha kesi kuu na kufanya uchunguzi mdogo wa hilo tu, na ni Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inayobeba mzigo wa kuthibitisha hiari. Mshtakiwa asiyejua husema "sina pingamizi," kielelezo kinapokelewa, halafu kwenye utetezi anaeleza alivyopigwa kwa kirungu. Mahakama itayaita hayo mawazo ya baadaye. Na kielelezo cha maandishi kikishapokelewa lazima kisomwe kwa sauti mahakamani. Kisiposomwa, ni hoja ya rufaa.

Upekuzi na vielelezo

Kwa kawaida upekuzi unahitaji hati, na hati hutekelezwa kati ya jua kuchomoza na kuzama, isipokuwa mahakama iruhusu vinginevyo. Upekuzi wa dharura bila hati upo, kifungu cha 42, lakini dharura lazima iwe dharura. Kikosi kilichopata taarifa tangu juzi, kikapanga, kikaandaa magari mawili, kitapata taabu kueleza kwa nini hakikupata hati.

Wapekuzi waingie na shahidi huru, kwa kawaida mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na aingie nao, asiitwe baada ya mzigo kuonekana. Wapekuzi nao wajionyeshe mikono na mifuko mitupu kabla ya kuanza. Mwenye nyumba aombe hivyo bila kugomba. Kinachochukuliwa kinaandikwa kwenye hati ya ukamataji mali, na kifungu cha 38(3) kinataka itolewe risiti yenye saini ya mwenye mali au mkaaji na ya mashahidi. Usisaini karatasi tupu. Usisaini iliyoandikwa "vitu mbalimbali." Kama kuna fedha, zihesabiwe mbele yako na kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Ukilazimishwa kusaini usichokubali, andika kando ya saini "sikubali" na muda.

Kielelezo kinatoka mkononi mwa mkamataji kwenda kwa mtunza vielelezo, kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ikiwa ni dawa, kurudi, na hatimaye mahakamani. Kila makabidhiano yawe na karatasi au angalau shahidi wa kuyaeleza. Kwa vitu visivyobadilishika kirahisi, kama gari au meno ya tembo, mahakama hulegeza kamba. Kwa unga, majani na fedha hailegezi, na ina sababu: gramu hupungua na noti hubadilishwa. Uzito ulioandikwa kituoni ukitofautiana na wa maabara bila maelezo, hiyo ni nusu ya utetezi.

Dhamana

Tangazo la "dhamana ni bure" limebandikwa ukutani kwenye vituo vingi, na ni kweli. Mdhamini hutoa ahadi ya maandishi kwamba mtu atafika siku fulani, asipofika atalipa kiasi kilichotajwa. Hakuna fedha inayolipwa kaunta. Anayedaiwa "ya karatasi" au "ya mafuta" apige 113, namba ya bure ya TAKUKURU, au amwone mkuu wa polisi wa wilaya.

Mahakamani dhamana hukwama kwenye vitu vidogo. Barua ya serikali ya mtaa haina tarehe, au imeelekezwa mahakama nyingine. Jina la kwenye kitambulisho cha NIDA lina maneno matatu, la kwenye barua lina mawili na moja limeandikwa kwa herufi tofauti. Mdhamini kaja na nakala bila kitambulisho halisi. Karani anarudisha nyaraka, saa zinakwenda, na karandinga la magereza halisubiri mtu. Mshtakiwa akishapanda, kesho yake inahitajika hati ya kumtoa gerezani aletwe mahakamani ili dhamana ikamilishwe. Wadhamini wawe tayari na barua asubuhi, kabla hata mtu wao hajasomewa shtaka.

Kuna makosa yasiyo na dhamana kabisa chini ya kifungu cha 148(5), yakiwemo mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi na utakatishaji fedha. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilikitamka kifungu hicho kuwa kinakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Kifungu jirani cha 148(4), kilichompa Mkurugenzi wa Mashtaka uwezo wa kuzuia dhamana kwa hati yake tu, hakikupona: Mahakama ya Rufani ilikiangusha 2018. Matokeo yake ni kwamba nguvu imehamia kwenye uchaguzi wa shtaka. Ukiongeza utakatishaji fedha kwenye kesi ya wizi wa ofisini, hakimu hana la kufanya, mtu anakwenda mahabusu. Na akiwa huko, makubaliano ya kukiri kosa, yaliyoingizwa kwenye sheria 2019, yanaanza kuonekana matamu hata kwa asiye na hatia. Utaratibu huo ni mzuri kwa aliye nje. Kwa aliye ndani bila tumaini la dhamana, hiari yake ni ya kutiliwa shaka.

Madeni yamevaa nguo za jinai

Sehemu kubwa ya watu kwenye benchi za vituo wako pale kwa deni. Mkopo, kiwanja kilichouzwa mara mbili, mtaji wa biashara uliokufa. Polisi si wakusanya madeni, na deni ni shauri la madai. Kinacholigeuza kuwa jinai, chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, ni udanganyifu uliokuwepo wakati wa kuchukua fedha. Aliyekukopa akiwa na nia ya kulipa, biashara ikamkatika, ana deni. Aliyekuuzia kiwanja akijua si chake, ana kosa. Jalada la deni likifika kwa wakili wa serikali makini hurudishwa, lakini kabla halijafika huko mdaiwa ameshalala ndani na ameshasaini ahadi ya kulipa kwa awamu mbele ya askari. Ahadi hiyo ya kituoni hugeuka kielelezo kwenye kesi ya madai, kwa hiyo asisaini kiasi asichodaiwa.

Kesi ni ya Jamhuri

Kabla ya Sheria ya Huduma za Mashtaka ya Taifa ya 2008, askari mmoja alipeleleza na mwenzake wa kituo kilekile akaendesha mashtaka. Kazi hiyo imekuwa ikihamia kwa mawakili wa serikali, na tangu 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka inajitegemea. Faida yake ni jicho la pili: wakili husoma jalada, huona mapengo, hulirudisha na maelekezo. Hasara yake ni safari za jalada kati ya ofisi mbili, ambazo mlalamikaji huziona kama kimya.

Mlalamikaji naye ajue kwamba shauri likishafunguliwa, yeye ni shahidi. Hawezi kulifuta kwa sababu wamepatana na mshtakiwa msibani. Kwa makosa madogo ya kibinafsi, kama shambulio la kawaida, kifungu cha 163 kinairuhusu mahakama kusaidia usuluhishi, na hapo lazima hakimu akubali. Kwa mengine, anayeweza kuliondoa ni upande wa mashtaka. Likiondolewa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, anaachiwa lakini anaweza kushtakiwa tena. Likiondolewa baada ya hapo chini ya kifungu cha 98, anaachiwa huru moja kwa moja. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini watu wengine huachiwa mbele ya hakimu na kukamatwa tena kabla hawajafika getini.

"Upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Sentensi hiyo imesikika mahakamani kuliko jina la hakimu. Kwa aliye mahabusu ahirisho lisizidi siku 15, ndiyo maana kesi hutajwa kila baada ya siku 14. Kifungu cha 225 kinaweka ukomo: zikipita siku 60, upande wa mashtaka ulete hati kutoka kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, kisha ya wakili wa serikali, kisha ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na jumla isizidi miezi 24. Kifungu chenyewe kina orodha ya makosa kisiyoyahusu. Hati isipoletwa, mahakama isikilize kesi au imwachie mshtakiwa. Asiye na wakili halijui hili na hakimu mwenye mafaili arobaini halikumbuki, kwa hiyo mshtakiwa ahesabu siku mwenyewe na asimame aseme. Marekebisho ya 2022 yalikwenda mbali zaidi kwa kutaka shauri lisifunguliwe kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa na yale yanayosikilizwa na Mahakama Kuu. Makubwa ndiyo yenye mahabusu wa muda mrefu, kwa hiyo msongamano uliobaki uko palepale. Tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyowasilisha ripoti yake Julai 2023, ilipitia mnyororo huu wote, kuanzia ukamataji hadi magereza.

Aliyetiwa hatiani na mahakama ya wilaya anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, na hati ya rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Siku zilizotumika kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hazihesabiwi, kwa hiyo barua ya kuomba nakala iandikwe mapema na nakala yake yenye muhuri wa kupokelewa itunzwe. Rufaa ya jinai kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30. Aliyeko gerezani hukabidhi taarifa yake kwa mkuu wa gereza, ambaye huipeleka mahakamani. Aulizie tarehe ilipopokelewa, maana makaratasi hupotea kati ya gereza na masijala, na tarehe hiyo ndiyo atakayoihitaji akija kuomba kuongezewa muda.